Kinyama cha mtoto kisioze njiani

Mwaka wangu wa pili maabara nililetewa kopo la asali. Ndani yake kilielea kipande cha uvimbe wa taya wa mtoto wa miaka sita, kimelala siku mbili kwenye maji ya dripu. Kilinuka. Jibu kutoka Dar es Salaam lilikuja mstari mmoja: kimeharibika, leteni kingine. Mama yake alikuwa ameuza mbaazi zote Newala kwa ajili ya nauli. Tangu hapo tabibu mpya akiripoti huku kwetu Mtwara namkalisha chini kabla hajaonyeshwa hata choo.

Namwambia hivi. Uvimbe mwingi mkali wa watoto, chini ya hadubini, ni seli ndogo za mviringo za rangi ya bluu, zimebanana kama hizo mbaazi kwenye debe. Kwa macho hutazitofautisha. Daktari wa patholojia hudondoshea kingamwili inayoshika protini moja tu, na penye protini hiyo pakawa kahawia. Kinyama, yaani hicho kipande cha uvimbe, kikioza, protini nazo zimekwenda.

Kwa hiyo kopo liwe tayari kabla ya kisu, tena la mdomo mpana. La mdomo mwembamba hupokea kinyama kikiwa laini, kikishakuwa kigumu halikitoi. Formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama: sehemu moja ya ile kali ya dukani kwa tisa za maji, na kila lita utie gramu 4 za sodiamu fosfeti ya haidrojeni mbili na 6.5 za ile ya haidrojeni moja, isiwe na asidi. Iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama. Formalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa, basi kipande kikubwa kikate vibamba vya milimita 5. Spiriti hapana. Friza hapana kabisa, barafu hupasua seli. Kikae saa 6 hadi 72. Kikilowa wiki nzima protini hujificha na kingamwili hazizioni.

Jina liandike kwa penseli, ubavuni mwa kopo. Mifuniko hubadilishana, nimeshuhudia. Fomu itaje umri, mahali pa uvimbe na umekua kwa muda gani. Kama ulipima AFP ya damu, protini ambayo hupanda kwenye baadhi ya uvimbe, kwa uvimbe wa ini, umri uwe wa miezi, maana kwa kichanga AFP huwa juu hata akiwa mzima.

Uvimbe wa figo usiuchome sindano. Piga simu kwanza kwa wataalamu wa saratani za watoto.

Majibu nayo yasomwe kwa utulivu. Hutaja protini kwa majina. Desmini na mayojenini, protini za misuli, zikiwaka kahawia, ni saratani ya misuli. Protini ya CD99 kuzunguka ukuta wa seli pamoja na ile ya NKX2.2 huelekeza kwa Ewing, saratani ya mifupa na nyama laini. CD99 peke yake usiiamini, hata limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu, huwa nayo. Inayowachanganya vijana ni protini ya INI1, maana seli nzima huwa nayo, na hii tunatafuta ilipokosekana. Seli za uvimbe zikiwa hazina kahawia, wazia uvimbe wa rabdoidi, saratani kali ambayo hushambulia figo na ubongo wa watoto wadogo. Lakini tazama mishipa ya damu kwenye slaidi hiyohiyo: lazima iwe kahawia. Nayo ikikosa kahawia, kipimo kimefeli, na mara nyingi kosa lilianzia kwenye kopo letu.

CD20 na CD10, alama za chembe nyeupe, zipo; TdT, alama ya chembe changa, haipo; Ki-67, alama ya seli zinazogawanyika, iko karibu asilimia 100 ya seli: hiyo ni limfoma ya Burkitt, ile ya taya. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na dawa huisikia vizuri ikiwahiwa. Ndiyo maana taya likivimba haraka mimi sisubiri majibu. Nafunga kopo, nalizungushia plasta, nalitia mifuko miwili, na mtoto na mama yake wanapanda nalo basi la alfajiri.