Kutuma ramani ya AutoCAD ifike nzima

Nachorea nyumba Mwanza kwa AutoCAD, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta; mafundi wangu wako saiti Geita. Kabla ya kutuma DWG, yaani faili la mchoro la AutoCAD, naandika amri ya PURGE, matabaka (layers) na bloku (vipande vya mchoro vya kurudiarudia) zisizotumika zitoke, faili lipungue. Kisha amri ya ETRANSMIT, na hii usiiruke kabisa: hukusanya mchoro, michoro iliyounganishwa nao, fonti na faili la CTB (mipangilio ya rangi na unene wa mistari wakati wa kuchapa) ndani ya ZIP moja. Niliwahi kutuma DWG peke yake. Mhandisi akafungua, nguzo hazionekani, maana zilikuwa kwenye faili jingine lililobaki kwangu. Siku mbili zikapotea. Mwenye AutoCAD ya zamani mhifadhie kwa muundo wa 2010. Fundi mpe PDF ya skeli 1:100. Kwa WhatsApp itume kama hati; picha hubanwa, vipimo havisomeki.