Kufundisha kwa simu huku unamuuguza mzazi

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, wanafunzi wangu wa kidato cha pili hawakurudi darasani hadi Juni 29. Miezi yote hiyo niliwafundisha hisabati kwa simu nikiwa nyumbani Mbagala, Dar es Salaam, namwangalia mama yangu mwenye kisukari pamoja na wanangu. Mwalimu mwenzangu, yakitokea tena, anza na hili: ratiba ipangwe na mgonjwa, siyo na kipindi. Sindano ya mama na chakula chake vina saa zake. Somo ndilo linalosogezwa.

Lisogeze jioni. Nyumba nyingi zina simu janja moja tu, na asubuhi imeshaondoka na mzazi kwenda Kariakoo au Feri. Mimi nilikuwa natuma saa moja usiku, mama akiwa ameshachoma sindano na kula.

Video achana nayo, inamaliza bando la mzazi. Tuma picha mbili na ujumbe wa sauti. Andika hesabu kwenye daftari kwa kalamu nyeusi, mfano mmoja kwa ukurasa, kila hatua na namba yake iliyozungushiwa duara. Piga picha karibu na dirisha, kivuli cha mkono kisiangukie karatasi. Kisha rekodi sauti ukiwa kama umesimama ubaoni: "Tazama hatua ya 1, 3x + 7 = 22. Hatua ya 2 tumetoa 7 pande zote mbili, imebaki 3x = 15. Sasa kabla hujatazama hatua ya 3, simamisha sauti, jaribu mwenyewe." Hapo kwenye kusimamisha ndipo mtoto anapojifunza, usiparuke. Grup la WhatsApp liweke waandike wasimamizi tu, la sivyo picha zako zitazama kwenye salamu na dua. Majibu yaje kwako binafsi, na kwa kila mtoto onyesha hatua ya kwanza aliyokosea, basi.

Wenye simu ndogo ya kitochi, isiyo na WhatsApp, usiwaache. Toa fotokopi, ziache kwa mwenye steshenari jirani na shule, mzazi azipitie akitoka kazini. Wahimize pia wasikilize vipindi vya masomo redioni.

Sasa mgonjwa. Insulini, ile dawa ya sindano ya kisukari, isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, lakini isiguse sehemu ya kugandishia, kwani ikiganda imeharibika. Kama huna friji, au umeme unakatika ovyo, tumia chungu cha udongo: funga kichupa kwenye mfuko usiopitisha maji, kiweke ndani, funika kwa kitambaa kibichi, weka kivulini penye upepo. Loweka kitambaa kila kinapokauka. Joto la Dar la mwezi wa tatu halina huruma na dawa hii.

La muhimu kuliko yote, mfundishe mtoto mkubwa dalili za sukari kushuka, maana wewe utakuwa unarekodi chumba cha pili. Binti yangu alizijua: bibi anatoka jasho jembamba, anatetemeka, anajibu ovyo ovyo. Akiona hivyo anakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anamnywesha, ananiita. Baada ya robo saa tunampima sukari ya damu. Kama mgonjwa hawezi kumeza au hasikii, asipewe kitu chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Mfanyishe mtoto mazoezi siku bibi akiwa mzima, na kopo la sukari lisihame mahali pake.

Dawa akachukue mtu mmoja yule yule, akirudi anawe kwa sabuni kwenye ndoo ya mlangoni kabla hajamsogelea mgonjwa. Wageni wakae barazani. Shangazi zangu walinuna mwanzoni. Niliwawekea viti nje, mama akawa anaongea nao kupitia dirishani, na waliendelea kuja.