Kabla hujalitangaza jangwa limechanua: kupima kibete kahawia kando ya nyota kama Jua

Kibete kahawia ni kizito kuliko sayari, lakini hakina uzito wa kutosha kuwasha haidrojeni kama nyota. Kwa desturi tunakihesabu kuanzia tungamo la Mshtarii 13 (yaani mara 13 ya tungamo la sayari hiyo) hadi karibu 80. Kwenye mizingo ya karibu na nyota zinazofanana na Jua ni adimu mno, hata wanaastronomia wamepaita mahali hapo jangwa. Ukidhani umekipata, kipime sawasawa.

Hatua ya 1: Chagua nyota. Hifadhidata ya Gaia, chombo cha anga cha Ulaya kilichopima mahali na mwendo wa nyota, iko wazi kwa kila mtu. Chuja nyota za aina ya F, G na K (zile zinazokaribiana na Jua) zilizo jirani, kisha tazama safu ya RUWE, kipimo cha jinsi vipimo vinavyoachana na mwendo wa nyota iliyo peke yake. Ikizidi 1.4, huenda nyota hiyo haiko peke yake. Linganisha pia mwendo wake angani enzi za Hipparcos, chombo kilichoitangulia Gaia (1991), na enzi za Gaia (2016). Ukiwa umebadilika, kuna kitu kinaivuta.

Hatua ya 2: Pima kasi. Mistari ya spektra husogea upande wa bluu nyota ikitujia, upande wa nyekundu ikituacha. Mshtarii hulitikisa Jua kwa mita 12.5 tu kwa sekunde. Kibete kahawia cha karibu huitikisa nyota yake kwa mamia ya mita kwa sekunde au zaidi. Kwa hiyo subira ina faida kuliko kifaa ghali: endelea kupima mpaka mzunguko mzima ukamilike.

Hatua ya 3: Piga hesabu. Tuseme nyota ina tungamo la Jua, mzingo ni duara, mzunguko ni miaka 2, na kasi inapanda na kushuka mita 900 kutoka wastani. Gawa 900 kwa 28.4 (mita kwa sekunde ambazo Mshtarii angelitikisa Jua kama mzunguko wake ungekuwa mwaka mmoja), zidisha kwa kipeuo cha tatu cha 2. Unapata Mshtarii 40. Moyo utakudunda. Tulia kwanza.

Hatua ya 4: Tafuta mwinamo, yaani pembe ya mzingo kwa jinsi tunavyouona: nyuzi 0 tunautazama uso kwa uso, nyuzi 90 tunautazama kwa ubavu. Hiyo 40 ni kiwango cha chini kabisa, kwa sababu spektra inaona mwendo wa kuja na kwenda tu. Tungamo halisi ni 40 ukigawa kwa sini ya mwinamo. Mwinamo ukiwa nyuzi 30, unafika 80, mpakani mwa nyota. Na uwezekano wa mzingo kulala chini ya nyuzi 30 ni kama asilimia 13. Si jambo la kupuuza.

Nyota HD 114762 imetufundisha hili kwa miaka mingi. Mwaka 1989 David Latham na wenzake walitangaza mwenza wake mwenye mzunguko wa siku 84 na tungamo lisilopungua Mshtarii 11, wakasema yumkini ni kibete kahawia. Walipima vizuri kabisa. Lakini vipimo vya Gaia vilionyesha mzingo unatuelekea karibu uso kwa uso, mwinamo wa nyuzi chache tu, na tungamo la mwenza likapita Mshtarii 100. Ni nyota ndogo nyekundu.

Ndiyo maana siruki hatua hii: unganisha kasi na vipimo vya Gaia na Hipparcos katika hesabu moja ya mzingo.

Hatua ya 5: Mwenza akiwa mbali, piga picha. Nyota HR 7672 ilionyesha kasi inayobadilika polepole, na mwaka 2002 ikatangazwa kwamba darubini za Mauna Kea, Hawaii, zimemwona mwenza wake hafifu kandoni. Picha moja haitoshi. Rudi baada ya mwaka: nukta ikisogea pamoja na nyota, ni mwenza, ikibaki nyuma, ni nyota ya mbali iliyoangukia kwenye picha.