Somo: Geuza disketi za DOS kuwa imeji kabla ukungu haujazimaliza

Wakuu, kama una boksi la disketi za inchi 3.5 za DOS (mfumo wa kompyuta za zamani) uvunguni, litoe leo. Kunakili mafaili peke yake hakutoshi, maana sekta ya kuwashia (kipande cha kwanza cha disketi, ambacho kompyuta husoma inapowaka) si faili. Ikibaki nyuma, disketi haitawasha kitu kwenye emuleta (programu inayoiga kompyuta ya zamani). Imeji, yaani nakala ya disketi nzima ndani ya faili moja, huchukua sekta zote (2,880 kwa disketi ya 1.44M), hata zilizo tupu.

Utahitaji draivu ya disketi ya USB na Linux yenye ddrescue, programu ya kuokoa data (kwenye Ubuntu pakiti inaitwa gddrescue).

1. Kagua kwa macho. Vuta kile kibati cha kuteleza, geuza disketi, zungusha kitovu cha chuma kwa kidole huku ukitazama utando wake mweusi kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe kama unga uliomwagika, huo ni ukungu, usiiingize. Mimi hapa Tanga niliona nachelewa, nikaisukuma hivyohivyo. Uchafu ukaganda kwenye hedi (kichwa cha kusomea cha draivu), na disketi mbili nzima zilizofuata zikatoka na mikwaruzo ya duara.

2. Sogeza kile kidude cha pembeni mpaka tundu liwe wazi. Tundu wazi ndiyo imefungwa isiandikwe. Wengi hukumbuka kinyume. Windows 95 ilikuwa ikigusa sekta ya kuwashia hata ukifungua disketi kusoma tu.

3. Andika lsblk, tafuta kifaa cha 1.4M. Tuseme ni sdb.

4. Soma, kisha rudia sekta zilizogoma:

sudo ddrescue -d -c1 /dev/sdb barua.img barua.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb barua.img barua.map

Faili la map ndilo linalonifanya niache dd, amri ya kawaida ya kunakili. Linakumbuka sekta zilizokosekana, kwa hiyo unaweza kusafisha hedi, au kuazima draivu nyingine, ukaendelea ulipoishia.

5. Imeji iwe na baiti 1,474,560. Ya 720K ni 737,280.

6. Kwenye DOSBox (emuleta ya DOS): imgmount a barua.img -t floppy. Ya kuwashia: boot barua.img.

MASWALI

— Mkuu, Windows inasema disketi haijafomatiwa, nikubali?

Usithubutu! Huenda ni ya Amiga, kompyuta ya zamani ambayo hubana sekta 11 kwa kila njia (duara moja la data kwenye disketi), na draivu ya USB haiziwezi. Tafuta Greaseweazle (kibodi kidogo cha USB cha kusomea disketi za kila aina) na draivu ya zamani ya ndani yenye pini 34:
gw read --format=amiga.amigados mchezo.adf

— Na michezo yenye kinga ya kunakiliwa?

Imeji ya sekta itakwama. Greaseweazle hiyohiyo inasoma mawimbi ya sumaku yenyewe, hifadhi kama .scp (faili la mawimbi hayo).

— Yangu tayari ina ukungu, nitupe?

Hapana ndugu. Pasua ganda taratibu, futa utando pande zote kwa pamba na alkoholi ya isopropili, uache ukauke kabisa, halafu uuvalishe ganda la disketi usiyoihitaji. Ile yangu ya Tanga niliifanyia hivyo, zikakosekana sekta 4 tu.