Seva yako ndogo inatosha kuwa proksi, huhitaji apu ya VPN

Kama una seva umekodi mahali, hata ile ndogo kabisa ya ramu 512MB unayojifunzia Linux au umeweka tovuti ya duka, basi ujue tayari una proksi yako binafsi, yaani kompyuta ya katikati inayokupitishia intaneti. Hizi apu za VPN za bure mi naziogopa kweli, maana kila unachofungua kinapita kwa mtu usiyemjua, na sijawahi kuelewa hela ya kulipia seva zote zile anaitoa wapi. Hapa tunatumia SSH tu, ileile unayoingilia kwenye seva kila siku.

Mi nilianza kuitumia nikiwa gesti Dodoma, paswedi ya wifi imebandikwa ukutani pale mapokezi, yaani kila aliyewahi kulala pale anayo, na mimi nina kazi ya mteja ya kumaliza usiku huohuo. Kwenye wifi kama ile, hata tovuti zikiwa na https, mwenye mtandao hasomi ulichoandika ila majina ya tovuti unazoingia anayaona. Ukipitia seva yako, anachoona ni laptopu yako inaongea na anwani moja tu, basi.

Fungua teminali uandike hivi, weka jina lako na IP ya seva yako:

ssh -D 1080 -N juma@203.0.113.10

Hiyo -D 1080 inafungua mlango wa SOCKS (aina ya proksi ambayo brauza inaielewa) kwenye kompyuta yako mwenyewe, poti 1080, na chochote kinachoingia hapo kinasafiri ndani ya SSH mpaka kwenye seva ndo kinatokea huko kwenda intaneti. -N inasema sitaki kuandika komandi kule, nataka njia tu. Ukishaweka paswedi teminali itanyamaza kimya, haitaandika kitu, usidhani imeganda, iache hivyohivyo. Mac na Linux SSH ipo tayari, Windows 10 imekuja nayo tangu 2018, fungua PowerShell uandike komandi ileile. Mnaotumia PuTTY, ile programu ya SSH ya Windows, nendeni Connection, SSH, Tunnels, andika 1080, chagua Dynamic halafu bonyeza Add, hiyo Add watu wengi wanaisahau wanabaki wanashangaa.

Sasa brauza. Tumia Firefox kwa sababu ina mipangilio yake ya proksi, haigusi kompyuta nzima, kwa hiyo Chrome inabaki kawaida na Firefox ndo inapita kwenye handaki, yaani ile njia ya SSH. Nenda Settings, shuka chini mpaka Network Settings, chagua "Manual proxy configuration", kwenye SOCKS Host weka 127.0.0.1 na poti 1080, chagua SOCKS v5. Zile sehemu za HTTP Proxy ziache wazi.

Halafu kuna kitiki pale chini kimeandikwa "Proxy DNS when using SOCKS v5", hakikisha kimewekwa. DNS ndo ile ya kuuliza jina la tovuti lina IP gani. Siku ile gesti mimi sikukiweka, nikaangalia IP yangu nikaona ni ya seva nikafurahi, kumbe kila nikiandika jina la tovuti laptopu inaenda kuuliza kwanza kwa mtandao wa gesti jina hili lina IP gani, yaani kile nilichotaka kuficha ndo nilikuwa nakitangaza, na nilikuja kugundua baada ya masaa mawili nilipopima DNS. Ukitaka kupima bila brauza:

curl --socks5-hostname 127.0.0.1:1080 https://ifconfig.me

Inatakiwa ikurudishie IP ya seva. Usiikate ikawa --socks5 peke yake, hapo jina linaulizwa kwako badala ya kule kwenye seva.

Kuandika komandi ndefu kila siku kunachosha, weka hii kwenye faili la ~/.ssh/config:

Host proksi
  HostName 203.0.113.10
  User juma
  DynamicForward 1080
  ServerAliveInterval 30

Kuanzia hapo unaandika ssh -N proksi tu. Ule mstari wa mwisho unatuma salamu kila sekunde 30 ili laini isikatwe ikikaa kimya, ukitumia hotspoti ya simu utaona faida yake.

Tafadhali sana tumia funguo za SSH (mafaili yanayokutambulisha kwa seva) badala ya paswedi. ssh-keygen -t ed25519, halafu ssh-copy-id proksi, ukishaona inaingia bila paswedi ya seva ndo uende /etc/ssh/sshd_config uweke PasswordAuthentication no, na dirisha moja liache limeingia wakati unajaribu, usije ukajifungia nje. Seva ikiwa hewani maroboti yanabahatisha paswedi usiku na mchana, pitia logi zako utaona.

Bando linaliwa kama kawaida, na ile -C ya kubana data ambayo wengi wanaiweka haisaidii kitu kwa sababu kurasa za https zinafika hapo zimeshafungwa kwa siri, hazibaniki tena. Tovuti ukilogini bado inakujua ni wewe. Simu za video kwenye brauza zinaweza kutoka nje ya handaki maana SSH haibebi UDP, aina ya usafirishaji data ambayo simu hizo zinaitumia, kuzuia unaenda about:config unaweka media.peerconnection.enabled iwe false, ila simu zenyewe zitagoma. Na mlioko Tanzania someni tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023 linalotaka wanaotumia VPN wajisajili.

Ikikuandikia "Address already in use" kuna dirisha la zamani bado limefunguka, lifunge au tumia 1081 kwenye komandi na kwenye Firefox. Ikisema "administratively prohibited", kwenye sshd_config ya seva weka AllowTcpForwarding yes, ristati huduma ya SSH, jaribu tena.