Kufunga hei (nyasi kavu za mifugo) kwa sanduku la mbao

Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho, ikate inapoanza kutoa maua. Ukisubiri mbegu zikomae, mabua yanakuwa magumu na ng'ombe watayabakiza. Acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10 ili nyasi zichipue upya.

Anika siku 2 au 3, ukigeuza mara kwa mara. Kabla ya kufunga, sokota konzi moja kwa nguvu: ukiona unyevu kwenye bua, bado. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa kuogopa wingu. Hei mbichi ikifungwa huchemka ndani, huota ukungu, na hata kuwaka moto ghalani.

Sanduku liwe wazi juu na chini: urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandaza kamba mbili za katani kwanza, jaza nyasi, kanyaga kila tabaka hadi kona, kisha funga na ulinyanyue sanduku. Robota lililoshindiliwa vizuri hufika kilo 20 hivi; likilegea, mkanyagaji alikuwa mtoto.

Panga juu ya magogo, mbali na ukuta. Ng'ombe anayekula kilo 10 kwa siku anahitaji marobota 45 kwa kiangazi cha siku 90.