Makaroni ya kuoka bila oveni: chakula cha watu wanne boom likiwa limekata

Nilipokuwa chuo Dar es Salaam tulipanga geto watu wanne, tukiwa na jiko moja la mkaa na sufuria tatu. Boom, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, likikata, kila mtu alianza kula kivyake: huyu chipsi, yule chapati na chai, na hela iliyobaki ikaisha haraka zaidi. Kilichotuokoa ni kuchanga na kupika sufuria moja Jumapili, na chakula chenyewe kilikuwa makaroni ya kuoka. Yanashibisha kwelikweli. Jumamosi iliyopita nimeyapika tena ili niandike somo hili nikiwa na vipimo mkononi: vyote pamoja na mkaa vilinigharimu kama shilingi 12,000, watu wanne tukala tukashiba.

Wengi hukata tamaa wakisikia neno kuoka, kwa kuwa hawana oveni. Mapishi haya ya makaroni, nyama ya kusaga na sosi nyeupe Wamisri wanayapenda sana, na wao huingiza ovenini. Lakini bibi zetu wa pwani waliupika mkate wa kumimina kwa kupalia moto juu ya mfuniko, na ukaiva ukawa na rangi nzuri. Makaroni nayo hayahitaji zaidi ya hapo.

Vya kununua. Pakiti ya makaroni ya gramu 500, yale mafupi yenye tundu. Nyama ya kusaga robo kilo. Mwombe wa bucha asage mbele yako, asikupe iliyokwisha kusagwa tangu asubuhi. Maharage yaliyochemshwa kikombe kimoja, hata mabaki ya jana yanafaa, kwa sababu hayo ndiyo yanayoifanya robo ionekane nusu. Vitunguu viwili, nyanya tano zilizoiva sana (zile laini za fungu la bei ya chini ndizo nzuri hapa), karoti moja, kitunguu saumu, nyanya ya kopo ndogo. Maziwa nusu lita, mayai mawili, unga wa ngano vijiko vitatu vya chakula, siagi ya kopo vijiko vitatu. Slesi mbili za mkate uliokauka. Ukiwa na kungumanga, kwangua kidogo tu.

Hatua ya kwanza: makaroni. Chemsha maji mengi yenye chumvi, tia makaroni, na uyaepue dakika mbili au tatu kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ukiling'ata moja liwe bado gumu kidogo katikati. Usipuuze hili. Mara yangu ya kwanza niliyaivisha kabisa, yakaenda kunywa sosi ndani ya sufuria, na tulichopakua kilikuwa bonge moja lisilo na umbo. Ukichuja, bakiza kikombe kimoja cha yale maji meupe.

Hatua ya pili: rojo la nyama. Kaanga kitunguu mpaka kiwe cha kahawia, tia saumu, kisha nyama. Iache nyama ikauke maji yake na ianze kushika chini ndipo utie nyanya na karoti ya kukwaruza. Nyanya zikishapondeka tia nyanya ya kopo, chumvi, pilipili manga, na yale maji ya makaroni; yana wanga, yatalifanya rojo liwe zito bila kuongeza kitu. Maharage yaponde nusu, nusu yaache mazima, uyatie mwishoni. Rojo liwe zito la kushika mwiko.

Hatua ya tatu: sosi nyeupe. Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Yeyusha siagi kwa moto mdogo. Mimina unga wote, koroga kwa mwiko dakika moja au mbili mpaka usikie harufu kama ya biskuti. Unga mbichi ukiuacha hivyo utausikia mdomoni mpaka mwisho. Sasa tia maziwa kidogo sana, kama robo kikombe. Unga utajikusanya uwe donge na utadhani umekosea. Hujakosea. Ponda donge kwa mgongo wa mwiko mpaka lilainike, ndipo utie maziwa mengine kidogo, uponde tena, na kuendelea hivyo. Ukimimina maziwa yote kwa mkupuo utapata maji yenye vidonge. Mwisho iwe kama uji mzito: ukichora mstari kwa kidole nyuma ya mwiko, mstari ubaki. Tia chumvi na kungumanga, epua, subiri ipoe dakika tano, kisha changanya mayai uliyokwisha kuyapiga. Ikiwa bado ya moto sana mayai yatagandia humo humo.

Hatua ya nne: kupanga. Paka sufuria pana siagi, chini na pembeni. Changanya makaroni na nusu ya sosi, tandaza nusu yake, mimina rojo lote, funika kwa makaroni yaliyobaki, na juu kabisa sosi iliyobaki. Nyunyiza chenga za ule mkate.

Hatua ya tano: kupalia. Moto uwe mdogo chini na mwingi juu. Kwenye jiko acha makaa machache, matano au sita, tena yaliyoanza kushika majivu. Juu weka mfuniko bapa wa bati usio na kishikio cha plastiki, uenee vizuri, kisha tandaza juu yake makaa yaliyokolea, mengi zaidi pembeni kuliko katikati. Dakika 25 hadi 30. Mwanzoni utasikia sosi ikichemka pembeni mwa sufuria. Sauti hiyo ikififia na harufu ya mkate wa kuchoma ikianza kutoka, inua mfuniko kwa uangalifu majivu yasidondoke. Juu pawe kahawia, na kisu ukichoma katikati kitoke bila sosi mbichi.

Kisha subiri dakika 15 kabla ya kukata. Wenye njaa watalalamika, waache walalamike. Ikikatwa ya moto inamwagika; ikitulia inakatika vipande kama keki.

Na tafadhali sana, jiko la mkaa liwe nje au barazani. Usilipikie chumbani umefunga dirisha, na usiliingize ndani likiwa bado na moto ili kupata joto. Hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini.

Maswali ya wasomaji

*Dada, mimi nina jiko la gesi tu, plate moja. Nifanyeje juu pawe kahawia?*

Kwa gesi juu hapatakuwa kahawia, ila ladha utaipata. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga mkavu chini kiasi cha vidole viwili, uupashe moto dakika kumi, kisha weka sufuria yako ndogo ndani na ufunike. Moto mdogo, dakika 40. Zile chenga za mkate zikaange pembeni kwa siagi kidogo mpaka ziwe za dhahabu, uzinyunyize wakati wa kupakua.

*Mkuu, nyama imepanda bei. Bila nyama inawezekana?*

Inawezekana, na utashuka karibu na 9,000. Ongeza maharage yawe vikombe viwili, na utie hoho. Dagaa sishauri, wanaishinda ile sosi nyeupe na chakula chote kinanuka samaki.

*Huku kwetu Unguja nazi ni rahisi kuliko maziwa. Tui litafaa, shoga?*

Litafaa, tena ni tamu. Tumia tui zito, moto mdogo, na usiache kukoroga likaja kukatika. Siagi punguza iwe vijiko viwili, kwa kuwa tui lina mafuta yake.

*Nipo Muscat, oveni ninayo. Nyuzi ngapi?*

Nyuzi 180, dakika 30, bila kufunika. Umeshapata raha, ndugu yangu.

*Mimi nakaa hosteli ya chuo, kupika hakuruhusiwi. Nina hita ya kuchemshia maji. Naweza kujificha nayo?*

Usifanye hivyo, mdogo wangu. Nyaya za vyumba vile zinabeba watu wengi, na moto ukitokea hauchagui chumba. Tafuta mwenzio mwenye geto, wewe nunua vitu, yeye atoe jiko.

*Hatuna friji. Yakibaki tunaweza kula kesho yake?*

Hapana. Yana maziwa, mayai na nyama, na kwa joto la Dar saa moja au mbili nje zinatosha kuyaharibu hata kama hayajanuka. Kama mko wawili, pikeni nusu ya vipimo hivi. Au fanyeni kama sisi: mlango wa jirani ulikuwa hatua tatu, na kipande kilichobaki kilikwenda huko kikiwa bado cha moto.